Wainka wa Milima ya Andes: Walichojenga, Walivyoishi na Walichoabudu



Ndugu msomaji, muhula uliopita tulikaa katika darasa letu la jioni baada ya sala ya Isha, mazungumzo yakaingia kwenye habari za mataifa yaliyopita. Ndugu yetu mmoja akasema, "Watu wasiojua kuandika, wasio na gurudumu, na juu ya hayo wanaabudu jua, watatufundisha nini sisi?" Walikuwa wanazungumziwa Wainka wa Amerika ya Kusini. Wengi tulinyamaza. Mimi nasoma uhandisi wa ujenzi, lakini sikuwa na jibu, kwa kuwa sikuwajua watu hao zaidi ya jina. Neno lile lilinifuata mpaka maktaba. Makala hii ni matunda ya kusoma huko, na nimeiandika kwa mfano wa somo ili tulijadili pamoja.

Wainka ni nani?

Neno "Inka" kwa asili lilikuwa cheo cha mtawala na ukoo wake. Wenyewe waliita dola yao Tawantinsuyu, yaani sehemu nne zilizoungana. Makao makuu yalikuwa mji wa Cusco, katika nchi tunayoiita leo Peru, kiasi cha mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Lugha ya utawala ilikuwa Kikechua, na hadi leo mamilioni ya watu wanaizungumza.

Kwa muda mrefu Wainka walikuwa kabila dogo tu katika bonde la Cusco. Kwa hesabu iliyozoeleka, mambo yalibadilika kuanzia mwaka 1438, pale Pachacuti alipowashinda jirani zao Wachanka na kushika utawala. Yeye, mwanawe Tupac Inca Yupanqui na mjukuu wake Huayna Capac walipanua dola mpaka ikaenea kiasi cha kilomita 4,000 toka kaskazini hadi kusini, kuanzia kusini mwa Kolombia ya leo hadi katikati ya Chile. Yote hayo yalifanyika katika muda usiofika miaka 100.

Nchi yenyewe ni ngumu. Upande wa magharibi ni jangwa kando ya bahari, katikati ni milima yenye theluji, na mashariki ni msitu wa Amazon. Farasi hawakuwepo, wala ng'ombe, wala punda. Mnyama wao wa mizigo alikuwa lama, ambaye hubeba kiasi cha kilo 25 au 30 hivi, na akizidishiwa hulala chini akakataa kuinuka. Chuma hawakuwa nacho. Walikuwa na shaba, mawe, kamba na mikono ya watu. Tuyaweke hayo akilini tunapoangalia kazi zao.

Ukuta usio na chokaa

Atakayefika Cusco leo ataona kuta za Wainka zimesimama, na juu yake yamejengwa majengo ya Wahispania. Mawe yamebanana bila chokaa wala udongo kati yake, na katika kuta nzuri hata ncha ya kisu haipenyi kwenye maungio. Katika ngome ya Sacsayhuaman, juu kidogo ya mji, yapo mawe yenye uzito wa zaidi ya tani 100.

Wapo wanaodai kwamba kazi ile haiwezekani kwa binadamu, wakazua hadithi za viumbe kutoka sayari nyingine. Huo ni uvivu wa kufikiri, na ndani yake mna dharau. Msanifu majengo Jean-Pierre Protzen alikwenda Peru akajaribu mwenyewe. Alichukua mawe magumu ya mtoni akayatumia kama nyundo, akagonga jiwe la kujengea kidogo kidogo, na kwa muda mfupi akapata sura aliyoitaka. Kuhusu kuunganisha, alionyesha kwamba ukiliteremsha jiwe juu ya jingine na kulinyanyua tena, vumbi lililobanwa hukuonyesha pale yanapogusana. Unachonga hapo, unalirudisha, unaangalia tena. Ni kazi ya subira, wala haina uchawi. Kule Ollantaytambo machimbo ya mawe yako ng'ambo ya mto, juu mlimani, na njiani mpaka leo yamelala mawe makubwa yaliyoachwa kabla hayajafika. Wenyeji wanayaita mawe yaliyochoka.

Faida ya ujenzi huo huonekana ardhi inapotikisika. Kuta zimeinama kidogo kwa ndani, na milango na madirisha ni mapana chini, membamba juu. Mawe hayakugandishwa, hivyo huweza kucheza kidogo kisha yakarudi mahali pake. Katika tetemeko la mwaka 1650 na lile la mwaka 1950 majengo mengi ya Wahispania mjini Cusco yalianguka au kupasuka. Mwaka 1950 konventi ya Santo Domingo ilibomoka kwa sehemu kubwa, na chini yake zikaonekana kuta za hekalu la Wainka la Coricancha zikiwa bado zimesimama.

Maji ya Machu Picchu

Wengi wetu tumeiona picha ya Machu Picchu, makazi ya kifalme ya karne ya 15 yaliyojengwa mgongoni mwa mlima, mita 2,430 hivi juu ya bahari. Picha haionyeshi sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu iko chini ya ardhi.

Mvua ya pale hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na mteremko ni mkali pande zote. Mahali kama hapo, kwa desturi, udongo huporomoka. Mhandisi wa maji Kenneth Wright na wenzake walipochunguza walikadiria kwamba kiasi cha asilimia 60 ya ujenzi wote imefukiwa: misingi, kokoto na njia za kupitishia maji. Kila tuta la ngazi limejengwa kwa tabaka. Chini kabisa ni mawe makubwa, juu yake kokoto, kisha mchanga, na mwisho udongo wenye rutuba uliobebwa kutoka kwingine. Mvua ikinyesha, maji huchujwa polepole hadi chini badala ya kubomoa. Kwenye kuta za mji yameachwa matundu zaidi ya 100 ya kutolea maji.

Maji ya kunywa yalitoka kwenye chemchemi ya mlimani kwa mfereji wa mawe wa mita 749, wenye mteremko uliopimwa vizuri, mpaka kwenye chemchemi 16 za kuteka zilizopangwa moja chini ya nyingine. Ya kwanza, yenye maji safi kuliko zote, iko karibu na nyumba inayodhaniwa kuwa ya mfalme. Hata katika maji, basi, kulikuwa na tabaka la watu.

Somo kwa sisi tunaosoma ujenzi liko wazi. Sisi hupenda kuonyesha jengo likiwa juu, tukachoka kulipia msingi na mifereji. Wao walianza na maji, ndipo wakaja kwenye nyumba.

Barabara na daraja la majani

Wainka walirithi njia za watu waliowatangulia, wakaziunganisha na kuzipanua zikafika zaidi ya kilomita 30,000. Mtandao huo, Qhapaq Ñan, uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2014. Kwa kuwa wasafiri walikuwa watu kwa miguu na lama, mlima ulipokuwa mkali waliweka ngazi za mawe. Kila baada ya mwendo fulani palikuwa na nyumba ya kupumzikia yenye chakula. Matarishi waliokuwa wakiitwa "chaski" walikaa vituoni wakipokezana habari mbio, na inakadiriwa ujumbe uliweza kusafiri kiasi cha kilomita 240 kwa siku moja.

Penye bonde lenye kina walivuka kwa madaraja ya kamba za majani. Moja lipo hadi leo, Q'eswachaka, juu ya mto Apurimac, lenye urefu wa karibu mita 30. Kila mwaka mwezi Juni vijiji vinne hukusanyika. Familia husokota kamba nyembamba, kamba nyembamba husokotwa kuwa nene, na kwa siku chache daraja la zamani hukatwa na jipya kusimamishwa. Wakati wa janga la korona halikufanyiwa matengenezo, na mwezi Machi 2021 likaanguka. Mwezi Juni mwaka huohuo wanavijiji walilijenga tena. Nguvu yake haiko kwenye majani, ambayo huoza. Iko kwenye ahadi ya watu kukutana kila mwaka.

Hesabu katika mafundo

Tufike kwenye lile neno, "hawakujua kuandika". Ni kweli hawakuwa na herufi. Walikuwa na kipu: kamba kuu moja iliyoning'inizwa kamba nyingine nyingi za pamba au manyoya, za rangi mbalimbali, zikiwa na mafundo.

Mtafiti Leland Locke, mwanzoni mwa karne ya 20, alionyesha jinsi namba zinavyosomwa. Kila kamba ina nafasi za mamoja, makumi, mamia na kuendelea, kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Mamoja yako chini, makumi juu yake, mamia juu zaidi. Chukua 352: juu utakuta mafundo 3, katikati mafundo 5, na chini fundo moja refu lenye mizunguko 2. Nafasi isiyo na kitu huachwa wazi bila fundo. Mara nyingi kuna kamba nyingine inayobeba jumla ya zile zilizo chini yake, ili hesabu iweze kukaguliwa.

Kwa kipu walihesabu watu, mahindi, askari na siku za kazi. Watunza kipu walikuwa watumishi wa dola waliosomea kazi hiyo. Hata baada ya Wahispania kuingia, mahakama zao zilipokea ushahidi uliosomwa kutoka kwenye kipu. Lakini mwaka 1583 Baraza la maaskofu lililokutana Lima liliamuru kipu zilizohusishwa na ibada za zamani ziharibiwe. Zilizobaki duniani leo ni kiasi cha elfu moja. Nyingine hazielekei kuwa za hesabu tu, na mpaka sasa hakuna aliyezisoma. Basi tunapowaita watu hao wasio na maandishi, tukumbuke kwamba sisi ndio tusioweza kusoma walichoacha.

Leo kwangu, kesho kwako

Msingi wa jamii ulikuwa "ayllu", ukoo au kundi la familia lenye ardhi ya pamoja. Watu walisaidiana kwa zamu: leo tunalima kwangu, kesho kwako. Dola ilichukua desturi hiyo ikaifanya kodi. Fedha hazikuwepo, kwa hiyo kila nyumba ililipa kwa kazi, na kodi hiyo iliitwa "mit'a". Mtu alitoa zamu yake kujenga barabara, kulima mashamba ya dola na ya hekalu, au kwenda vitani. Kaya zilipangwa kwa makumi, mamia na maelfu, kila kundi na kiongozi wake.

Mkono mtupu haulambwi, na watawala wale walilijua hilo. Aliyekuja zamu alilishwa, akapewa pombe ya mahindi, na mara nyingine nguo. Mahali panapoitwa Huánuco Pampa pamehesabiwa mabaki ya maghala karibu 500, yamejengwa mlimani upande wa upepo baridi ili chakula kisiharibike. Humo mlikuwa na mahindi, nyama iliyokaushwa, na viazi vilivyogandishwa usiku wa baridi kali, vikakanyagwa kwa miguu kutoa maji, kisha vikaanikwa juani. Viazi hivyo huitwa "chuño" na hukaa miaka.

Hapa pana jambo linalotugusa moja kwa moja. Viazi tunavyokula kwenye bweni, vinavyolimwa Musanze, Kabale na milima ya Kivu, tunaviita viazi ulaya. Ulaya ilikuwa njia tu. Asili yake ni milima ya Andes, na waliovilea kutoka mmea wa porini mpaka chakula ni wakulima wa huko, maelfu ya miaka kabla ya Wainka wenyewe.

Lakini tusiwapambe kupita kiasi. Dola ilikuwa na mkono mzito. Watu walioasi walihamishwa na kupelekwa mbali na kwao, na wengine wakaletwa kukaa mahali pao. Wasichana walichaguliwa wakiwa wadogo wakatengwa na familia zao, wafume nguo za dola, wahudumie hekalu, au wagawiwe kuwa wake za wakubwa. Ghala lilishiba, ila aliyelijaza hakuulizwa kama anataka.

Walichoabudu

Waliamini kuwepo kwa muumba, Viracocha. Juu ya ibada ya dola waliliweka jua, Inti, ambalo mfalme alidai kuwa ni mwana wake. Walikuwa na mwezi, radi, ardhi waliyoiita Pachamama, na maelfu ya mahali patakatifu palipoitwa "waka": jiwe, chemchemi, kilele cha mlima. Wafalme waliokufa walikaushwa, wakavikwa nguo, wakatolewa nje siku za sherehe na kuwekewa chakula kana kwamba wako hai. Mali ya marehemu ilibaki kwa ukoo wake, na mrithi wa kiti ilimbidi atafute yake. Wanahistoria kadhaa wanaiona desturi hiyo kuwa moja ya sababu zilizowasukuma kuteka nchi mpya kila kizazi.

Jambo zito kuliko yote ni "capacocha", kutolewa watoto kafara. Mwaka 1999 watafiti wakiongozwa na Johan Reinhard walikuta watoto watatu juu ya kilele cha Llullaillaco, mpakani mwa Argentina na Chile, zaidi ya mita 6,700 juu ya bahari. Baridi ilikuwa imewahifadhi. Mkubwa alikuwa msichana wa miaka 13 hivi, na wawili wengine walikuwa wa miaka 4 au 5. Uchunguzi wa nywele za yule msichana ulionyesha kwamba katika miezi yake ya mwisho alipewa majani ya koka na pombe kwa wingi, na ikazidi alipokaribia kufa. Barabara zile nzuri ndizo zilizompeleka.

Ndugu msomaji, nilipofika hapa kwenye kusoma nilifunga kitabu kwa muda. Sisi tunajua kwamba Waarabu wa zama za ujahilia walikuwa na washairi wakubwa na ukarimu wa kusifika, na bado walikuwepo miongoni mwao waliowazika binti zao hai. Ustadi wa mikono na usahihi wa itikadi ni vitu viwili. Kimoja hakileti kingine.

Ipo simulizi nyingine iliyonishangaza. Garcilaso de la Vega, aliyezaliwa Cusco mwaka 1539 kwa mama wa ukoo wa Inka na baba Mhispania, aliandika kitabu kilichochapwa mwaka 1609. Humo anasimulia kwamba Huayna Capac siku moja alilitazama jua kwa muda mrefu, kisha akamweleza kuhani mkuu kwamba jua halipumziki na kila siku linafuata njia ileile, kwa hiyo lazima yuko aliye mkubwa kuliko lenyewe anayeliamuru. Wanahistoria wanatuonya kwamba Garcilaso aliandika akiwa Mkristo nchini Hispania, akitaka kuonyesha kwamba watu wa mama yake walikuwa karibu na tauhidi. Kwa hiyo hatuwezi kuichukua kama habari iliyothibiti. Hata hivyo, nani kati yetu ataisoma asikumbuke habari ya Nabii Ibrahim (a.s.) na nyota, mwezi na jua?

Mwisho wa dola

Kati ya mwaka 1525 na 1528 hivi Huayna Capac alifariki, inadhaniwa kwa maradhi yaliyoletwa na Wazungu, ambayo yalitangulia hata kabla yao wenyewe hawajafika. Wanawe Huascar na Atahualpa wakapigana vita vya kuirithi dola. Atahualpa alikuwa ndiyo kwanza ameshinda pale Francisco Pizarro alipofika Cajamarca na watu 168. Tarehe 16 Novemba 1532 alimkamata kwa hila. Atahualpa akalipa fidia ya chumba kilichojazwa dhahabu, na pamoja na hayo akauawa mwaka 1533. Jamii nyingi zilizokuwa zimetekwa na Wainka ziliungana na Wahispania, maana zilikuwa na kinyongo cha zamani. Mabaki ya utawala yalijificha Vilcabamba mpaka mwaka 1572, pale Tupac Amaru alipokatwa kichwa hadharani mjini Cusco. Wahispania wakaitwaa ile zamu ya kazi, wakaondoa chakula na kubakisha mzigo, wakawasukuma watu kwenye machimbo ya fedha ya Potosí.

Tunarudi na nini?

Nikirudi kwa ndugu yetu wa darasani, sasa ningemjibu hivi. Kwanza, kutokuwa na kitu ulicho nacho wewe si kutokuwa na akili. Aliyekosa chuma alichonga kwa jiwe, na aliyekosa karatasi alifunga fundo. Pili, kukiri uzuri wa kazi ya mtu si kukubali itikadi yake. Tumeamrishwa uadilifu hata kwa tusiokubaliana nao, na uadilifu una pande mbili: tusifiche mifereji ya Machu Picchu, wala tusimfiche yule msichana wa Llullaillaco. Tatu, dola iliyoshinda kwa nguvu ilikosa marafiki siku ya shida.

Maswali ya kujadili katika darasa la wiki:

1. Chukua jengo moja la kampasi yetu. Maji ya mvua yanakwenda wapi? Nani aliyelifikiria hilo kabla ya kujenga?
2. Kuna tofauti gani kati ya kazi ya kusaidiana na kazi ya kulazimishwa, ikiwa mikono ni ileile na ghala ni lilelile?
3. Habari nyingi za Wainka tumezipata kupitia kalamu za waliowashinda. Tutazipimaje? Je, elimu yetu ya kuchunguza wapokezi wa habari inaweza kutusaidia hapa?
4. Ni elimu ipi ya wazee wetu, isiyoandikwa, inayopotea sasa hivi huku tukiwa hai?

Swali la nne ndilo naomba tulianze. Ukienda likizo, keti na bibi au babu, muulize, na urudi na kitu cha kutusomea.

Wabillahi tawfiq.